Nyumba ni ya Kulala Tu

Treni ilinishusha Itigi asubuhi, na kutoka pale basi likatuchukua kuelekea kusini, safari ya pori tupu na vumbi. Tangu siku hizo nimezunguka sana, lakini pori refu namna ile sijaliona tena. Kwenye kizuizi cha mbung'o tuliteremshwa sote, na wanaume wenye nyavu za mkono wakaingia chini ya viti na katikati ya mizigo, wakiwinda wadudu kwa utaratibu na bila haraka. Bibi mmoja aliyekaa nyuma yangu aliwaambia wamtafutie na chawa wakiwa humo humo. Hawakucheka. Kazi ile, nadhani, ilikuwa imekwisha kuwamaliza.

Chunya tuliifikia jua likiwa kali. Kando ya barabara palikuwa na mashimo ya dhahabu yaliyoachwa wazi, mengine yakiwa yameota magugu mdomoni, na maduka kadhaa yalikuwa yamepigiwa mbao. Baada ya hapo gari lilianza kupanda. Lilipanda mpaka masikio yakaziba, na abiria wakaanza kufungua matita yao na kuvaa kila walichokuwa nacho, blanketi juu ya koti, kitenge juu ya blanketi. Mimi nilikuwa na koti langu la shule tu. Nilikuwa nimetoka Tabora, ambako baridi ni jambo la asubuhi chache za mwezi wa sita. Niliingia Mbeya meno yakigongana.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, nimemaliza shule ya sekondari, na tayari nilikuwa nimeacha kazi mbili kwa sababu tu zilikuwa zinanitaka nikae mahali pamoja. Mbeya nilipata ukarani katika kambi ya watengeneza barabara. Lakini kazi haikuwa ndiyo iliyonivuta. Dada yangu, ndugu pekee niliyebakiwa naye, alikuwa ameolewa huko na dereva wa malori, Mnyakyusa aliyemkuta Tabora na kumchukua. Kwa miaka kadhaa nilikuwa sijamwona.

Walikaa mlimani, kando ya njia ya Tukuyu, katika nchi ya migomba na mawingu. Dada alikuja kunipokea barabarani, mtoto mchanga mgongoni, akalitwaa begi langu akalitia kichwani kabla sijamkatalia. Tulikuwa tunapanda kijia, anacheka ananiuliza habari za nyumbani, mara tukasikia mtu anakohoa mbele yetu. Dada alitupa begi chini, akaingia migombani, akachuchumaa na kujifunika khanga kichwa kizima. Nilidhani ameona nyoka.

Akatokea mzee mrefu, mkavu, mkononi ana fimbo ya mwanzi. Alisimama kunisalimu bila kuangalia upande ule wa migomba, ingawa mtoto alikuwa analia humo.

"Ndaga. Wewe ndiye karani kutoka kwa Wanyamwezi?"

"Ndimi, mzee."

"Na begi umelitupa njiani? Babu zako walibeba meno ya tembo mpaka pwani, wewe umeshindwa na nguo zako."

Akapita, akikohoa. Dada alitoka alipokwisha kusikia kikohozi kimefika mbali. Alikuwa baba mkwe wake. Kwa desturi ya watu wale, mke haoni uso wa baba wa mume wake, naye mzee haangalii mkaza mwana wake. Hawasemeshani, hawali pamoja, hawatajani jina. Mzee akikaribia, humpa taarifa kwa kukohoa.

"Mzima hukohoa kwa kusudi," dada aliniambia, akijipangusa matope magotini. "Huyu wetu hana haja ya kusudi."

Zamani, alinieleza, jambo hili halikuwasumbua watu. Vijana walijenga kijiji chao mbali na cha baba zao, na mke aliweza kumaliza mwezi mzima bila kulazimika kujificha. Lakini mzee alikuwa mgonjwa, na mwanawe alimhamisha kutoka kwake akamleta hapa ili mama yake apate msaada wa kumwuguza. Nyumba mbili zikatazamana juu ya uwanja mmoja mdogo, uliochongwa kwenye mteremko. Nyuma ya jiko la dada palikuwa na ukuta wa udongo uliokuwa unatoa maji mwaka mzima. Mbele ya nyumba ya mzee palishuka bonde. Penye ardhi ya kukanyaga ni uwanja tu. Hata hivyo waliishi, kwa sababu mzee alikuwa anashinda ndani, kando ya moto, na uwanja ulikuwa wa dada.

Wote walikuwa wamebatizwa. Siku moja nilimwuliza mzee kama kanisa halijawakataza desturi ile. Akasema mchungaji mwenyewe, akimwona mke wa mwanawe anakuja, huruka mtaro.

Ugonjwa wake ulikuwa wa Chunya. Alichimba huko ujanani, chini ya mashimo ya wazungu, akipumua unga wa mawe, na ule unga alirudi nao kifuani. Nilikuwa nawatembelea kila mwisho wa juma, na kila nilipokwenda nilimkuta amepungua kidogo. Mwisho shemeji alimpakia kwenye lori akampeleka hospitali Mbeya. Dresa, mganga msaidizi aliyempima, alisema mawe hayatoki tena kifuani, na juu ya mawe kuna kifua kikuu. Akauliza wanalala wapi. Shemeji akaeleza: nyumba ya mianzi iliyokandikwa, haina dirisha, moto katikati.

"Moshi unammaliza kabla ya ugonjwa," dresa alisema. "Mtoeni nje. Ashinde nje, ale nje. Na nyinyi nyote shindeni nje, la sivyo mtakuja kumfuata. Mtoto mchanga msimweke karibu na kikohozi chake."

Shemeji alikuwa mtu wa kushika neno. Aliporudi alitukusanya uwanjani, mama yake kwenye kinu kilichopinduliwa, mimi kwenye jiwe, mzee kwenye mkeka amefunikwa blanketi mbili, akatoa amri kama ya jeshini.

"Kuanzia leo nyumba ni ya kulala tu. Kula nje, kumenya ndizi nje, kusali nje, hata kugombana tutagombana nje."

"Na mvua?" mama mkwe akauliza.

"Mvua ikinyesha tutaingia."

"Hapa hainyeshi lini?" mzee akasema. "Utatuingiza na kututoa kama kuku."

Tulicheka. Dada alikuwa anasikiliza kutoka jikoni, nyuma ya mlango uliokuwa umefungwa. Hakuna aliyeuliza yeye atakaa wapi. Hata mimi, siku hiyo, nilichoona ni kwamba wazo lilikuwa zuri, na kwamba familia ile ilikuwa imeazimia kitu kwa pamoja. Nilijisikia fahari kuwa kati yao.

Na kweli mzee alipata nafuu. Uwanja ule ulipata jua saa za katikati ya mchana tu, ukungu ukishapanda na kabla mawingu ya mchana hayajashuka, lakini lilimtosha. Mimi na shemeji tulimbeba na mkeka wake asubuhi, na siku ambazo hatukuwepo mama alimkokota na kijana wa jirani. Aliacha kukohoa damu. Alianza kudai chakula, kisha kudai aina ya chakula. Siku za wageni alisimulia habari za Chunya, jinsi mzungu mmoja alivyolia kama mtoto shimo lilipojaa maji. Nikimbeba nikahema alinikumbusha meno ya tembo. Nilimpenda. Nasema hivyo ili yanayofuata yasije yakasomwa kama mashtaka juu yake.

Dada aliingia jikoni kabla mzee hajatolewa, akatoka akisharudishwa ndani. Kwenda shamba aliweza, akiondoka mapema, lakini akishatoka hakuwa na njia ya kurudi, na uji wa mgonjwa na maji yake ya moto vilikuwa juu yake. Kwa hiyo alibaki. Jiko lilikuwa dogo, mianzi imekuwa myeusi kwa masizi, kuni mbichi kwa sababu huko kuni hazikauki. Chakula alikipitisha mlangoni, mkono tu ukionekana, na mama mkwe akakipokea. Mtoto alikaa naye humo, maana dresa alikwisha kusema asimkaribie babu yake, na babu ndiye aliyekuwa uwanjani.

Nilikuwa naingia jikoni kumsalimu. Nilikaa kwa muda niliouweza, kisha nikatoka machozi yakinitiririka, na wote uwanjani wakanicheka.

"Kaka," aliniambia mara moja, "Tabora tulikuwa tunakaa nje sana. Unakumbuka? Mama alikuwa anatuingiza ndani kwa fimbo."

Nilikumbuka. Nikamwuliza kwa nini hasemi.

"Niseme nini? Kwamba mzee arudi akafe?"

Mtoto alianza kukohoa mwezi wa pili wa amri ile. Mwanzoni kikohozi kikavu, kisha kifua kikaanza kupiga filimbi, kisha akaacha kunyonya vizuri. Nilimweleza shemeji tulipokuwa njiani kwenda Iringa. Siku hizo alikuwa anapeleka mizigo huko, nami kambi ilinituma kufuata vipuri. Alibadilisha gia. Tulikuwa tumekwisha kupita Sao Hill, hewa ni kavu, anga limefunguka, na ng'ombe wametapakaa kwenye majani ya manjano.

"Ningemleta baba huku," alisema. "Hewa ya huku ingemfaa. Nilimwambia, akasema hawezi kuzikwa na Wahehe, watamwamsha kila siku kumsimulia vita vyao."

"Na mtoto?"

"Mtoto ana mama yake." Kisha, baada ya kona, "Unataka nifanye nini, shemeji? Nichague?"

Niliporudi nilikata mianzi. Jumamosi nzima na Jumapili baada ya ibada nilisimamisha ua katikati ya uwanja, nikausuka kwa majani makavu ya migomba mpaka jicho lisipenye. Mama mkwe aliukagua kila mahali, akachungulia, akaingiza kidole, akaridhika. Mzee alinitazama kutoka mkekani.

"Karani, unajenga mpaka? Ushuru atatoza nani?"

Dada alitoka. Aliketi upande wake wa ua na mtoto mapajani, na nilimwona akivuta pumzi kama mtu aliyetoka kuzama majini. Lakini ua ulikuwa mrefu, na ulibidi uwe mrefu, na jua la mle mlimani ni la upande mmoja. Upande wa mzee ulipata jua. Upande wa dada ulipata kivuli cha ua na maji ya ule ukuta wa nyuma, na upepo uliokuwa unapanda kutoka bondeni ulizunguka pale kama uliofungiwa. Tungembadilisha mzee upande? Mlango wake haukuwa huko, na kumpitisha upande wa jiko ilikuwa ndiyo habari ile ile ya kutazamana. Moshi dada aliukimbia, akaingia kwenye baridi. Mtoto alizidi kuumwa.

Sasa mzee alikuwa anamsikia. Kabla ya hapo kikohozi cha mtoto kilikuwa kikiishia ndani ya kuta za jiko. Sasa kilikuwa hatua chache kutoka kwenye mkeka wake, nyuma ya majani. Mzee akikohoa, mtoto naye alikohoa. Aliacha hadithi za Chunya. Siku moja nilimkuta ameegemeza kichwa kwenye ua, macho yamefumbwa, nikadhani amelala. Akasema bila kufumbua macho, "Huyo ana filimbi. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Jumamosi iliyofuata nilifika mapema kumtoa. Alikuwa kando ya moto, amejikunyata.

"Leo sitoki."

"Jua linakuja, mzee."

"Nimesema sitoki. Baridi."

"Dresa alisema..."

"Huyo dresa ana miaka mingapi? Na ile mianzi yako, karani, ni mizuri, itaoza bure pale. Ing'oe ukajengee kuku."

Mama alimbembeleza, kisha akamfokea, kisha akatoka nje akilia. Mzee hakumtaja mtoto. Wala jina la mkaza mwana wake hakuweza kulitaja, hata kama angetaka. Nilikaa naye kitambo, nikimtazama anavyopumua kwa mabega, kisha nikatoka nikaung'oa ua. Dada alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, hajui kama atoke au la. Nikamwambia mzee amekataa kutoka. Alinitazama, akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, akakaa chini pale kizingitini akafunika uso kwa khanga, kama siku ile njiani.

Kisha akamchukua mtoto akaenda naye kwenye jua.

Shemeji aliporudi kutoka Iringa alipiga kelele zilizosikika mpaka kwa majirani.

"Nani kamrudisha ndani? Nani?"

"Mimi," mzee alijibu kutoka ndani. "Au ulipojenga nyumba hii hukunihesabu?"

"Baba, utakufa humo!"

"Wewe ulidhani nitafia wapi, Ulaya?"

Alijaribu kumbeba kwa nguvu. Mzee, mwili ule uliokuwa umebaki mifupa, alishika nguzo ya nyumba akakataa kuiachia, na mwanawe hakuthubutu kuvifungua vidole vya baba yake. Alitoka akaketi kwenye jiwe langu, akatazama mkewe na mtoto waliokuwa upande wa pili wa uwanja. Mtoto alikuwa amelala. Filimbi ilikuwa imepungua. Shemeji hakujaribu tena kumtoa baba yake, siku ile wala baadaye.

Mzee alikwenda upesi. Damu ilirudi. Mvua za kwanza zilipoanza alikuwa hawezi tena kulala chali, na mama alimkalisha ameegemea magunia. Nikimtembelea alinisemesha kwa mkono. Mara ya mwisho alinionyesha kidole mlangoni, mahali uwanja ulipoonekana kidogo, akaniuliza kwa nyusi. Nikamwambia mtoto anatambaa. Akaitikia kwa kichwa, akafumba macho.

Alikufa asubuhi, mvua ikinyesha. Watu walijaa uwanjani wakiwa na majani ya migomba vichwani, wakaimba nyimbo za kanisa, na wazee walipotaka kupiga ngoma kwa desturi yao waliruhusiwa baada ya mabishano mafupi. Dada alikuwa jikoni na wanawake, akipika na kulia. Alilia kwa sauti kubwa kuliko binti za marehemu. Mwili ulipopitishwa alikuwa amegeukia ukutani. Baada ya mazishi niliingia kwake, akanivuta pembeni.

"Kaka, alikuwaje?"

Sikumwelewa.

"Usoni. Alikuwaje?"

Nilijaribu. Nilimwambia mrefu, mkavu, nyusi zimeungana, jino moja la mbele halipo, akitaka kutania upande mmoja wa mdomo ulikuwa unapanda. Nilivyozidi kusema ndivyo nilivyoona simpi kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza mtoto amefanana naye wapi. Nikasema nyusi.

Nilidhani sasa uwanja ni wake. Nilikuwa bado mgeni wa nchi ile. Matanga yalipokwisha, mdogo wa marehemu alikuja na stuli yake na godoro, kushika nafasi ya kaka yake, kama inavyopasa. Alirithi ng'ombe, alirithi neno la mwisho katika ukoo, na kwa dada yangu alikuwa baba mkwe kamili, uso wake ukiwa haramu kama ule wa kwanza. Huyu alikuwa na afya. Hakukohoa hata akikaribia. Ilibidi dada ajifunze mlio wa viatu vyake. Na kwa kuwa shemeji aliendelea kulishika neno la dresa, sasa kwa ukali wa mtu aliyefiwa, amri haikuondolewa. Nyumba ilikuwa ya kulala tu. Baba mdogo aliitii kwa furaha. Alitoa stuli yake ukungu ukipanda, akaisogeza kwa kulifuata jua, akaingia jioni. Mtoto aliweza kucheza miguuni pake. Dada alirudi jikoni, na baada ya mwezi alianza kukohoa yeye.

Kambi yetu ilihamishiwa Iringa mvua zilipokatika. Niliagwa kazini, nikapanda mlimani mara ya mwisho. Niliingia jikoni, nikamwambia tuondoke pamoja, Tabora, Iringa, popote. Alikuwa anachochea moto.

"Na mtoto nimwache? Wa kwao huyo, ng'ombe walitolewa."

"Utaumwa."

"Nimekwisha kuumwa." Akakohoa, akacheka kidogo. "Shemeji yako anasema atanijengea jiko jingine chini kule, mvua zisipoharibu. Usinitazame hivyo. Nenda, lori halingojei."

Kisha akanishika mkono.

"Kaka. Mwambie akusindikize."

"Nani?"

"Huyo wa nje. Wewe ni mkwe, hawezi kukataa."

Nilitoka nikamwomba baba mdogo anisindikize mpaka barabarani. Alifurahi. Alichukua fimbo, akaniuliza kwa nini naharakisha, akanishika mkono kama watu wazima wa huko wanavyoshikana, tukashuka kijia polepole. Nilimwuliza habari za kila shamba tulilopita. Barabarani tulikaa juu ya kalvati. Nilimwuliza habari za ujana wake, za kahawa, za mvua, za ng'ombe wote aliorithi, mmoja mmoja, rangi na tabia. Jua lilikuwa juu yetu, kali na safi. Lori la kwanza la Mbeya lilikuja, dereva akapunguza mwendo akinitazama. Sikumpungia mkono.

"Si lile lako?" baba mdogo akauliza.

"Limejaa," nikasema.

La pili nalo nililiacha. Alianza kunitazama kwa mashaka, lakini adabu ilimzuia kuniacha peke yangu barabarani. Nilimwuliza kuhusu kaka yake, Chunya, ujana wao. Akaeleza kwa urefu. Nilikuwa simsikii tena. Mawingu ya mchana yalikuwa yanashuka mlimani, na nilikuwa nayaangalia yanavyoushukia upande ule wa uwanja wa dada, mpaka yalipoufunika kabisa. Ndipo nikasimama, nikamshukuru, na lori lililofuata nikapanda.